Swichi ya Kupunguza Mwanga: Kutambua Hitilafu Kabla ya Kununua Nyingine

Mtumiaji wa umeme anapoona taa ya sebuleni ikimetameta, kifaa cha kwanza anachokishuku ni swichi. Akiwa na swichi ya kupunguza mwanga, ambayo wauzaji na mafundi huiita "dima", shaka hiyo huwa kubwa zaidi. Huenda dukani, hununua nyingine, humwita kijana wa jirani aifunge, na jioni taa humetameta vilevile. Fedha imekwenda, tatizo limebaki, na pengine nyaya zimefungwa vibaya kuliko zilivyokuwa.

Somo hili linakusudia kumsaidia mtumiaji wa kawaida aweze kutenganisha mambo matatu: hitilafu inayotokana na balbu, hitilafu inayotokana na dima yenyewe, na hitilafu inayotokana na namna nyaya zilivyofungwa. Mambo mawili ya kwanza mtumiaji anaweza kuyachunguza mwenyewe bila kufungua kitu chochote ukutani. Jambo la tatu ni kazi ya fundi mwenye leseni, lakini ni haki ya mwenye nyumba kuelewa fundi huyo anatafuta nini.

Dima hufanya kazi gani?

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230, na mkondo wake hubadili mwelekeo kwa mawimbi 50 katika kila sekunde. Kila wimbi lina nusu mbili. Hivyo basi, katika sekunde moja kuna nusu-mawimbi 100. Dima huruhusu sehemu tu ya kila nusu-wimbi ifike kwenye balbu. Ukizungusha kitufe kuelekea chini, sehemu inayopita hupungua, na mwanga hufifia. Kwa maneno mengine, dima ni kama mlinzi wa lango anayefungua na kufunga mara 100 kwa sekunde.

Balbu za zamani zenye uzi unaowaka zilivumilia utaratibu huo bila shida, kwa sababu uzi uliokwisha kupata moto haupoi upesi, na jicho halioni mkatiko. Balbu za LED ni tofauti. Ndani yake mna saketi ndogo ya kielektroniki inayopokea umeme na kuurekebisha. Saketi hiyo isipotengenezwa kwa ajili ya dima, hushindwa kuelewa umeme uliokatwakatwa: balbu humetameta, huvuma, au hufa kabla ya wakati wake.

Mfano wa sebule moja

Tuchukue mfano wa sebule yenye taa ya dari ya balbu 6. Hapo awali mwenye nyumba alitumia balbu za uzi za wati 60 kila moja, yaani jumla ya wati 360. Dima yake iliandikwa kuwa inafaa kwa mzigo wa kuanzia wati 60 hadi 400. Wati 360 zilikuwa ndani ya mipaka hiyo, na taa ilifanya kazi vizuri kwa miaka.

Baadaye, kwa nia njema ya kubana matumizi, alibadili balbu zote akaweka za LED za wati 7. Jumla ikawa wati 42. Usiku huohuo taa ikaanza kumetameta, na akaamini kuwa dima imekufa.

Dima haikufa. Tazama tarakimu: mzigo wa chini ambao dima ile inauhitaji ni wati 60, na sasa imepewa wati 42. Lango lililozoea kubeba shehena halitulii linapopewa furushi. Angenunua dima nyingine ya aina ileile mara tatu, angepata matokeo yaleyale mara tatu.

Je, arudie balbu za zamani? Hapana. Taa ya wati 360 ikiwaka kwa mwanga kamili saa 5 kila usiku hutumia uniti 1.8 kwa usiku mmoja, yaani uniti 54 kwa siku 30. Taa ya wati 42 kwa muda huohuo hutumia uniti 6.3 tu. Anayenunua umeme kwa LUKU anajua tofauti hiyo ina uzito gani. Suluhisho ni kupata dima iliyotengenezwa kwa ajili ya LED, ambayo mzigo wake wa chini ni mdogo, pamoja na balbu za LED zinazokubali kupunguzwa mwanga.

Uchunguzi ambao mtumiaji anaweza kuufanya

Kabla ya kutoa fedha kwa yeyote, fanya hatua zifuatazo kwa utaratibu, na uandike unachokiona. Maandishi hayo yatampunguzia fundi kazi ya kubahatisha.

Kwanza, angalia taa nyingine za nyumba. Ikiwa zote zinafifia na kung'aa kwa pamoja, tatizo halimo kwenye dima. Huenda kuna kiungo kilicholegea kwenye njia kuu ya umeme. Zima swichi kuu na utoe taarifa kwa mtoa huduma wako bila kuchelewa.

Pili, soma maandishi ya balbu na ya boksi lake. Balbu inayofaa huandikwa DIMMABLE. Soma neno lote, kwa maana balbu isiyofaa huandikwa NON-DIMMABLE, na mnunuzi mwenye haraka huona nusu ya pili tu.

Tatu, jumlisha wati za balbu zote zinazoongozwa na dima hiyo, kisha ulinganishe na mipaka iliyoandikwa kwenye boksi au karatasi ya maelekezo ya dima. Angalia mpaka wa chini na wa juu. Ikumbukwe kuwa dima nyingi zina kiwango kimoja cha balbu za uzi na kingine, kidogo zaidi, cha LED. Kwa hiyo, tarakimu 400 iliyoandikwa kwa ajili ya balbu za uzi isichukuliwe kuwa ni ruhusa ya kuweka wati 400 za LED.

Nne, zima umeme wa taa hiyo kwenye breka, subiri balbu zipoe, kisha ubadili moja kwa balbu ya uzi kama bado unayo. Washa tena. Katika mfano wetu, balbu 5 za LED za wati 7 pamoja na moja ya uzi ya wati 60 hufanya wati 95, mzigo uliovuka mpaka wa chini. Ikiwa kumetameta kumekoma, umepata jibu: tatizo lilikuwa udogo wa mzigo. Ikiwa balbu moja tu ya LED inaendelea kumetameta, ishuku balbu hiyo.

Tano, taa ikiwa imewaka kwa saa nzima, sogeza nyuma ya kiganja kikavu karibu na bamba la swichi, kisha uguse kwa wepesi. Uvuguvugu ni wa kawaida, kwa kuwa dima hupoteza nishati kidogo kwa njia ya joto. Lakini bamba lisiloshikika kwa joto, lililobadilika rangi, au linalotoa harufu ya plastiki inayoungua ni dalili ya hatari. Zima kwenye breka na usiwashe tena mpaka fundi afike.

Dalili na maana zake

Taa haiwaki kabisa. Anza na breka na balbu. Kama hivyo ni vizima, yawezekana fyuzi iliyomo ndani ya dima imekatika au waya umechomoka. Dima za balbu za uzi mara nyingi huharibika palepale balbu inapoungua kwa mlipuko, kwa sababu mkondo mkubwa hupita kwa kitambo kifupi.

Taa inawaka kwa nguvu zote na haipungui. Kama balbu ni za kufaa, sehemu ya ndani ya dima inayokata mawimbi imeungua na kubaki imefunguka. Dima hiyo haitengenezwi, hubadilishwa.

Taa inatoa mwanga hafifu hata ikizimwa. Baadhi ya dima, hasa za kugusa, hazikati umeme kabisa. Huacha mkondo mdogo upite, na LED huonyesha mkondo huo. Dalili hii ni fundisho muhimu: kuzima kwa dima si kukata umeme. Usibadili balbu kwa kutegemea dima peke yake.

Breka inakata mara tu dima inapowashwa. Hii ni hitilafu ya nyaya. Uwezekano mmoja ni kwamba waya wa nyutro umefungwa mahali pa waya unaokwenda kwenye taa, hivyo umeme ukapata njia ya mkato. Usirudishe breka tena na tena "kujaribu bahati". Iache ikiwa imezimwa.

Dima inavuma. Mvumo mdogo si wa kutisha. Mvumo mkubwa huashiria mzigo usiofaa au balbu zisizolingana na dima. Milio ya cheche, kama karatasi kavu inayokunjwa, huashiria waya uliolegea, na hiyo ni hatari ya moto.

Aidha, dima ya taa haikutengenezwa kwa ajili ya feni ya dari wala taa za mirija ya kawaida. Feni ina kidhibiti chake. Anayefunga feni kwenye dima ya taa anaharibu vyote viwili.

Rangi ya waya si ushahidi

Hapa ndipo makosa yanayogharimu maisha hutokea. Katika majengo ya zamani, waya wa moto ulikuwa mwekundu na wa nyutro ulikuwa mweusi. Katika utaratibu mpya, waya wa moto ni wa kahawia na wa nyutro ni wa bluu. Waya wa ethi ni wa kijani na njano. Nyumba nyingi zimejengwa kwa awamu, na si ajabu kukuta taratibu zote mbili katika chumba kimoja.

Ugumu wa kwanza ni waya mweusi kwenye swichi. Mara nyingi swichi ya taa haina nyutro kabisa. Waya mmoja huleta umeme, na wa pili huurudisha kwenda kwenye taa. Fundi wa zamani alipotumia kebo yenye waya mwekundu na mweusi, ule mweusi ndio uliorudi kwenye taa. Taa ikiwa imewashwa, waya huo una volti 230 kama ule mwekundu. Anayeufungua akiamini kuwa "mweusi hauna kitu" anaweza asipate nafasi ya kujisahihisha.

Ugumu wa pili ni waya wa bluu. Katika utaratibu mpya bluu ni nyutro, lakini katika utaratibu wa zamani wa njia tatu za umeme, bluu ilikuwa mojawapo ya nyaya za moto. Rangi ileile, maana mbili zinazopingana.

Ugumu wa tatu ni dima iliyofungwa upande wa nyutro badala ya upande wa moto. Taa hiyo huwaka na kuzimika kama kawaida, na mwenye nyumba hatambui lolote. Lakini ikizimwa, kishikizo cha balbu kinabaki na umeme. Mtoto aliyepanda kwenye kiti kubadili balbu hakosei kwa kuamini kuwa giza ni usalama. Aliyekosea ni aliyefunga nyaya.

Kwa sababu hizo, fundi makini hategemei rangi. Hupima. Kabla ya kupima, hujaribu kipimo chake mahali anapojua kuna umeme. Kisha hupima nyaya za swichi. Kisha hurudi kukijaribu tena palepale pa mwanzo, ili awe na hakika kuwa kipimo hakikufa katikati ya kazi. Testa ya bisibisi yenye kitaa kidogo haitoshi kuwa ushahidi kwamba waya hauna umeme. Ukimwona fundi anaitegemea peke yake, una haki ya kuuliza.

Swichi mbili, taa moja

Katika korido na ngazi, mara nyingi taa moja huongozwa na swichi mbili. Mafundi huuita mfumo huu "tuwei". Kila swichi ina matundu matatu ya kufungia waya: moja ni la pamoja, ambalo huandikwa C, COM au L, na mawili ni ya nyaya za kupokezana, zinazounganisha swichi hizo mbili. Waya wa tundu la pamoja kwenye swichi ya kwanza hutoka kwenye umeme. Kwenye swichi ya pili huenda kwenye taa.

Swichi ya kawaida inapoondolewa ili dima iwekwe mahali pake, kosa linalotokea sana ni kubadilishana waya wa pamoja na mmoja wa nyaya za kupokezana. Dalili yake ni hii: dima inafanya kazi ikiwa tu swichi ya upande wa pili imewekwa juu, na ikiwekwa chini taa haisikii. Ukiona hivyo, usikubali kuuziwa dima nyingine. Mwombe fundi ahakiki tundu la pamoja. Fundi mwangalifu huweka alama kwenye waya huo kabla hajaufungua.

Ikumbukwe pia kuwa, kwa kawaida, mfumo huo hubeba dima moja tu. Upande wa pili hubaki swichi ya kawaida ya tuwei. Kuweka dima mbili za kawaida kwenye taa moja husababisha kumetameta na kuharibika kwa vifaa. Zipo dima zilizotengenezwa kwa kazi ya pande mbili, lakini maelekezo yake husema hivyo waziwazi.

Kukata umeme kwa hakika

Kazi yoyote kwenye swichi ianze kwa kuzima umeme kwenye breka au swichi kuu, kupima, na kuhakikisha kuwa hakuna atakayewasha kabla ya kazi kwisha.

Kuna dhana mbili za kuepukwa. Ya kwanza ni kwamba LUKU ikiisha uniti, nyaya ni salama. Mtu mwingine nyumbani, asiyejua kuwa fundi yuko juu ya ngazi, anaweza kuingiza tokeni wakati wowote. Ya pili ni kwamba umeme ukikatika mtaani, ni nafasi nzuri ya kufanya kazi. Umeme hurudi bila kubisha hodi. Zaidi ya hayo, nyumba yenye jenereta au mfumo wa jua wenye betri inaweza kuwa na umeme hata pale mtaa mzima upo gizani. Vyanzo vyote vizimwe.

Nani afanye kazi, na nani awajibike?

Wajibu wa mtoa huduma ya umeme huishia kwenye mita. Nyaya za kutoka kwenye mita kwenda vyumbani ni mali na wajibu wa mwenye nyumba. Kazi ya kuzifunga au kuzirekebisha inatakiwa kufanywa na mwenye leseni inayotolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Mpangaji naye anapaswa kumtaarifu mwenye nyumba kabla ya kubadili swichi yoyote.

Kabla fundi hajaanza, mwombe akuonyeshe leseni yake, akueleze chanzo cha tatizo kwa lugha unayoielewa, na akuandikie gharama. Kazi ikiisha, mwombe awashe na kuzima mbele yako, katika mwanga mdogo na mkubwa, na kwa swichi zote mbili kama zipo. Ikiwa bamba la swichi ni la chuma, muulize kama ethi imefungwa. Chukua risiti ya kazi na ya vifaa.

Dukani, nunua dima yenye jina la mtengenezaji, volti, mipaka ya wati na aina ya balbu zinazoruhusiwa. Kifaa kisicho na maandishi hayo hakikupi njia ya kujua kama kinakufaa. Masuala ya ubora wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC). Tunza boksi na risiti, kwa kuwa bila hivyo lalamiko hukosa miguu.

Maswali ya kujipima

1. Dima imeandikwa wati 60 hadi 400. Balbu ni 4 za LED za wati 9, zenye alama ya DIMMABLE. Taa inametameta. Tatizo ni nini?
2. Taa ya ngazi inawaka ikiwa tu swichi ya juu imewekwa upande mmoja, tangu dima ilipofungwa chini. Fundi akague nini kwanza?
3. LUKU imeisha uniti. Je, ni salama kufungua swichi?
4. Waya mweusi uliomo kwenye swichi ni nyutro. Kweli au si kweli?

Majibu

1. Mzigo ni wati 36, chini ya mpaka wa wati 60. Inahitajika dima inayokubali mzigo mdogo wa LED.
2. Waya wa tundu la pamoja na nyaya za kupokezana.
3. Si salama. Zima swichi kuu, pima, na uhakikishe hakuna chanzo kingine cha umeme.
4. Haiwezi kujulikana kwa rangi. Waya upimwe.